Wiki za Manyoya Laini

Bibi yangu wa Newala alikuwa na kanuni moja ya kuku ambayo hakuna aliyethubutu kuivunja pale nyumbani. Kuku akianza kulalia Desemba au Januari, alinyang'anywa mayai, akachovywa tumbo kwenye maji ya baridi, kisha akafunikwa tenga mahali penye upepo mpaka hamu ya kuatamia imtoke. Kuku huyo huyo akirudia Aprili, Bibi alimtandikia nyasi kavu ndani ya chungu kilichomeguka mdomo, akampangia mayai kumi au kumi na mawili aliyoyatunza kwenye mchanga mkavu, kila moja na alama ya mkaa, na sisi watoto tukaonywa tusipite karibu na kona ile.

Jambo hilo lilitusumbua. Desemba ndipo nchi inapofufuka. Kumbikumbi wanatoka ardhini kwa wingi usiohesabika, panzi wamejaa, majani mabichi, na kuku mkubwa ameshashiba kabla ya saa nne asubuhi. Ilionekana kwetu kwamba Bibi anawanyima kuku wake msimu mzuri. Nilipomuuliza alijibu bila kuacha kupepeta: “Mvua haina neno na yai, mjukuu wangu, wala haina neno na kuku mzima. Neno lake ni na yule mwenye manyoya ya juzi.”

Nimefundisha baiolojia kwa miaka mingi tangu siku zile, sehemu kubwa ya miaka hiyo Masasi, na nimesoma nilivyoweza juu ya ndege na hali ya hewa. Sijakutana na maelezo mafupi na sahihi kuliko hayo.

Newala imekaa ukingoni kabisa mwa uwanda wa Makonde, mahali ambapo nchi inakatika ghafla. Ukisimama Shimo la Mungu, genge linashuka chini ya miguu yako, bonde la Ruvuma linafunguka lote, na ng'ambo ya mto unaona Msumbiji ikipanda kuelekea Mueda. Upepo unaotoka huko hauna wa kuuzuia. Karl Weule, Mjerumani aliyekaa Newala mwaka 1906 akikusanya habari za watu wa huku, aliulalamikia upepo huo katika kitabu chake. Juni na Julai ukungu hukaa juu ya mikorosho mpaka jua lipande, na wazee hutoka nje wamejifunga blanketi. Ardhi ni ya kichanga. Mvua ikinyesha inazama, na kutwa mbili baadaye huoni dimbwi. Kabla ya maji ya bomba kufika, kina mama walishuka genge kufuata maji bondeni na kupanda tena na mitungi kichwani. Nyumba nyingi bado zina kisima cha kuvunia maji ya bati.

Mvua yetu ni ya msimu mmoja. Huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, hupumzika kidogo katikati, aghalabu Februari, kisha hurudi na kukatika Aprili. Miezi inayobaki ni kiangazi. Kila kiumbe wa uwanda ule, kuanzia mkulima wa korosho mpaka chozi anayening'iniza kiota chake kwenye tawi la mkorosho, anapanga maisha yake kwa kalenda hiyo. Na hesabu ya Bibi ilisimama hapo.

Kuku huatamia siku 21. Vifaranga wakianguliwa, wiki ya kwanza wote wanaenea chini ya mama yao. Mvua inyeshe usiku kucha, wao wako kavu. Shida huanza wanapokua. Ikifika wiki ya tatu, wale kumi hawaenei tena. Mabawa na mkia vimeshaota manyoya ya kweli, lakini mgongoni na tumboni bado wamevaa yale manyoya laini ya kuzaliwa. Manyoya hayo yakiwa makavu yanashika hewa, na hewa hiyo ndiyo joto lao. Yakilowa yanalala na kugandamana na ngozi, hewa inatoka, na mwili mdogo unapoteza joto haraka kuliko unavyoweza kulitengeneza. Kifaranga aliyelowa hukimbilia kwa mama na kukuta ndugu zake wameshajaza nafasi. Anabaki pembeni, kichwa ndani na mgongo nje. Asubuhi unamwokota. Akivuka wiki ya tano au ya sita akiwa na manyoya kamili, mvua ile ile itamnyeshea akiwa anachakura wala asijali.

Kwa hiyo mayai yaliyowekwa Desemba yanaanguliwa Januari, na zile wiki za hatari zinaangukia kwenye mvua nzito. Mayai ya Aprili yanaanguliwa Mei. Mvua imekwisha, mashambani yapo masazo ya mahindi na mtama, na ukungu wa Julai unawakuta vifaranga wameshavaa. Oktoba nayo Bibi aliikataa kwa sababu nyingine. Ndani ya nyumba ya bati mchana wa mwezi huo hakukaliki. Kuku huacha kiota akihema mdomo wazi, mayai yanapata joto la ovyo, na mengi yanakuwa viza. Mdondo nao hupenda kupiga mwishoni mwa kiangazi, na kabla ya chanjo ya matone ya jicho kufika vijijini ulifagia banda zima kwa siku chache. Bibi hakuwahi kuingia darasani. Aliyapata haya kwa kuzika vifaranga.

Ndege wa porini hana Bibi wa kumhifadhia mayai kwenye mchanga. Kanga hutaga wakati wa mvua kwa sababu wakati huo ndipo majani yanamficha na wadudu ni wengi. Tulikuwa tukiokota mayai ya kanga porini na kuyaweka chini ya kuku. Huchukua siku 26 mpaka 28 kuanguliwa. Wazee walituonya kwamba kifaranga cha kanga huuawa na umande, na ndivyo ilivyokuwa. Kuku akiwatoa mapema nyasi zikiwa bado na maji, walirudi wachache. Porini mama yao huwaburuta katika nyasi hizo hizo kila asubuhi, na ukimwona kanga ana watoto wanne nyuma yake Machi, jua alianza na wengi zaidi.

Nilipohamia Masasi nilishuka kutoka kwenye baridi na kuingia kwenye joto. Mji umezungukwa na milima ya mawe, Mtandi na Mkomaindo na mingineyo, miamba mitupu iliyochomoza kutoka kwenye tambarare. Oktoba miamba hiyo hunyonya jua kutwa na kulitema usiku. Shule niliyofundisha ilikuwa na mijohoro na miembe mikubwa uwanjani, na kwenye mti mmoja mnana walijenga kila mwaka. Kelele zao zilikuwa zikitushinda sauti darasani. Nikaona badala ya kuwafukuza tuwasome. Tukaanzisha daftari la viota: tarehe mti ulipopata kiota cha kwanza, mbingu ilikuwaje, maji kiasi gani yaliingia kwenye kopo tulilolitundika juu ya nguzo, na kilichookotwa chini ya mti kila asubuhi kabla ya mstari.

Mnana dume hajengi kwa majani makavu. Hukata kijani kibichi cha matete au cha mhindi, akakichana utepe mrefu, akausuka ungali laini. Ukikauka unakaza na kiota kinasimama. Ndiyo maana hawezi kuanza kabla mvua haijaotesha chochote. Jike huja akakagua, akavuta nyuzi kwa mdomo, akaingia, akatoka. Asiporidhika huondoka, na kiota kikigeuka rangi ya kahawia bila mwenyeji, dume mwenyewe hukibomoa na kuanza upya. Wanafunzi walifurahia sana sehemu hii. Wasichana walisema jike anajua thamani yake, na darasa zima likacheka.

Kisha tukajifunza mambo magumu zaidi. Mwaka mmoja mvua ilianza mapema na kukatika kabla ya Krismasi. Mbingu ilikuwa safi, viota vizima, hakuna tawi lililovunjika, na makinda wakafa. Mnana mkubwa hula mbegu, lakini kinda lazima lilishwe wadudu katika siku zake za mwanzo, na mvua ilipokoma viwavi na panzi walikwenda nayo. Tuliona majike wakija na midomo mitupu. Mwaka mwingine mvua haikukatika kabisa, ikaja na dhoruba za usiku. Viota vilivyolowa viliinamisha matawi, na vilivyokuwa upande wa upepo viling'oka kwanza. Ndege waliochagua upande wa pili wa mti walipata hasara ndogo. Nyoka nao walipanda. Kijani kibichi cha msimu kinamficha nyoka wa mtini kama kinavyomficha ndege.

Siku ninayoikumbuka zaidi katika kazi hiyo yote ilikuwa asubuhi baada ya dhoruba moja ya Januari. Wanafunzi walikuwa wamepanga makinda waliokufa juu ya ubao wa zamani ili wawaandike. Msichana wa kidato cha pili, mkimya kwa kawaida, aliwatazama kwa muda mrefu, akaniambia: “Mwalimu, mbona wote ni wa umri mmoja?”

Nilichutama nikatazama. Ilikuwa kweli. Hapakuwa na waliotoka kwenye yai juzi, wale walio uchi kabisa, ingawa tulijua viota vingine vilikuwa nao. Hapakuwa na wakubwa waliokaribia kuruka. Wote waliolala juu ya ubao walikuwa wa katikati: manyoya yamechomoza yakiwa bado ndani ya ala zake, tumbo tupu, macho wazi. Wadogo mama zao walikuwa bado wanawalalia usiku, na wakubwa walikuwa na manyoya. Hawa wa katikati walikuwa wameshaachwa walale peke yao kwa sababu wamekuwa wakubwa, na mwili wao ulikuwa haujawa tayari kwa ukubwa huo. Nikamsikia Bibi.

Kuanzia hapo tulibadilisha daftari. Tukaacha kuuliza mvua ilikuwa kubwa kiasi gani, tukaanza kuuliza iliwakuta makinda katika umri gani. Mvua ndogo iliyokuja siku mbaya ilijaza ubao. Mvua kubwa iliyokuja wakati viota vina mayai ilipita na kutuachia matawi tu ya kuokota.

Kwa hondohondo tuliona sura nyingine ya jambo hilo hilo. Walikuwa wakizaliana kwenye shimo la mti mkavu nyuma ya mabweni. Jike huingia shimoni, na kwa udongo anaoletewa na dume, pamoja na kinyesi chake mwenyewe, huziba mlango mpaka ubaki ufa mwembamba unaopitisha mdomo. Anakaa humo kama mwari aliyewekwa ndani, na katika jamii nyingi za hondohondo huangusha manyoya ya kurukia akiwa humo, asiweze kutoka hata akitaka. Kwa hondohondo wakubwa muda huo waweza kufika miezi mitatu. Chakula chote kinapitia mdomo wa dume. Wasipopata udongo mbichi hawawezi kuziba, kwa hiyo wanasubiri mvua. Lakini kiangazi kikirefuka joto nalo linapanda, na dume ndiye anayelipa. Tulimwona mchana wa jua kali amekaa kivulini, mabawa ameyaachanisha na mwili, anahema, badala ya kutafuta nge na panzi. Kila saa anayohema ni saa ambayo ufa ule haupati kitu.

Wataalamu waliofuatilia hondohondo wa mdomo wa njano katika jangwa la Kalahari, Afrika Kusini, kuanzia mwaka 2008 mpaka 2019, walipima hilo kwa tarakimu. Katika miaka mitatu ya mwanzo ndege hao walitumia asilimia 52 ya visanduku vya kuzalia walivyotundikiwa. Katika miaka mitatu ya mwisho, asilimia 12. Na wastani wa joto la juu la kila siku ulipovuka nyuzi 35.7 katika kipindi cha kuzaliana, hakuna jozi iliyofaulu kukuza hata kinda mmoja. Masasi si Kalahari, lakini mtu aliyetembea pale sokoni saa nane mchana mwezi wa Novemba, mvua ikiwa imechelewa, hatazisoma nyuzi hizo kama habari za nchi ya mbali.

Nilipata bahati ya kwenda Cape Town kwa mafunzo mafupi ya walimu, na siku ya mapumziko wenyeji wetu walitupeleka Boulders, karibu na Simon's Town, kuwaona pengwini. Nilidhani naenda kutazama kitu cha ajabu. Nikakuta kitu ninachokijua. Pengwini wa Afrika alijichimbia pango ndani ya tabaka nene la kinyesi cha ndege kilichorundikana visiwani kwa karne nyingi. Karne ya 19 watu walikikwangua kinyesi hicho na kukiuza kama mbolea mpaka wakafika kwenye mwamba. Tangu hapo ndege hao wengi hutaga peupe, chini ya kichaka au kando ya jiwe. Mgongo wao ni mweusi, mwili umefungwa kwa manyoya mazito na mafuta yaliyokusudiwa maji ya baridi. Siku ya joto kali mzazi aliyelalia mayai huhema kwa muda mrefu, kisha akashindwa, akakimbilia baharini, na shakwe akala mayai. Siku ya mvua kubwa kiota kilichochimbwa mahali pabaya hujaa maji na makinda wakalowa wakiwa na manyoya yale yale laini. Nilisimama kwenye daraja la mbao wanalopitia wageni, nikamwona mmoja amesimama juu ya mayai yake mawili badala ya kuyalalia, kivuli chake kikiyafunika, mdomo wazi. Sikuhitaji kuelezwa anafanya nini.

Walinzi wa pale wamewawekea viota vya kutengenezwa, vinavyotoa kivuli na kuzuia maji. Ni kazi nzuri. Hata hivyo mwaka 2024 pengwini wa Afrika aliingizwa katika orodha ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka, na sababu kubwa ni kupungua kwa dagaa na samaki wadogo anaowategemea. Hali ya hewa inampiga ndege ambaye tayari ana njaa. Hili halitofautiani na mnana wetu wa mwaka ule wa mbingu safi.

Utafiti ulionigusa kuliko wote ulitoka Argentina, Punta Tombo, ambako Dee Boersma wa Chuo Kikuu cha Washington amewafuatilia pengwini wa Magellan tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 2014 yeye na mwenzake Ginger Rebstock walichapisha hesabu ya makinda kutoka mwaka 1983 mpaka 2010. Kwa wastani, katika kila makinda 100, kama 65 hufa kabla ya kuondoka kiotani. 40 kati yao ni kwa njaa. Hali ya hewa iliua 7 tu kwa wastani. Mtu angeweza kuishia hapo na kusema hali ya hewa si tatizo. Lakini kulikuwa na mwaka ambao hali ya hewa peke yake iliua nusu ya makinda wote, na mwingine ambao iliua 43 katika kila 100. Na waliouawa na mvua walikuwa hasa wenye umri wa kama siku 9 mpaka 23: wamekuwa wakubwa mno kufunikwa na wazazi, na bado hawajaota manyoya yasiyopitisha maji. Niliposoma mstari huo nilikuwa Masasi, usiku, umeme umekatika, na taa ya simu mkononi. Mzee aliyekufa Newala bila kusoma alikuwa amelisema jambo lile akiwa anapepeta.

Huko barafuni, kwenye ncha ya kusini ya dunia, habari ni ile ile. Karibu na kituo cha Wafaransa cha Dumont d'Urville, msimu wa 2013 hadi 2014, kundi zima la pengwini wa Adélie halikubakiza kinda hata mmoja. Barafu ilikuwa pana mno wazazi wakachelewa kurudi na chakula, na mvua isiyo ya kawaida ikawalowesha makinda kabla ya baridi kurudi. Mwaka 2016 dhoruba ilivunja barafu ya bahari ya Halley Bay, ambako pengwini kaisari, mkubwa kuliko wote, huzalia, kabla makinda hawajapata manyoya ya kuweza kuogelea. Wiki chache baadaye barafu ingevunjika nao wangeingia majini wenyewe.

Aprili 2019 tulikaa Masasi tukisikiliza redio. Kimbunga Idai kilikuwa kimeshaiangamiza Beira mwezi mmoja kabla, na sasa Kenneth alikuwa anakuja juu zaidi, kuelekea kwetu. Mkoa wa Mtwara uliagiza shule zifungwe na watu wa mabondeni wahamie mahali salama. Wazee wakakumbushana kimbunga kilichopiga Lindi Aprili 1952. Tarehe 25 Kenneth aliingia nchi kavu Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, na ndugu zetu wa upande ule wakapata maafa ambayo sisi tuliponea chupuchupu. Shule ilipofunguliwa nilikwenda moja kwa moja kwenye mti wa mnana. Viota vilikuwa vimebaki vichache, vingine vimetapakaa uwanjani, na chini hapakuwa na kinda hata mmoja. Walikuwa wameshatoka wote. Kimbunga kilichovuma redioni wiki nzima kilikuta nyumba tupu; dhoruba ya Januari ya usiku mmoja, isiyokuwa na jina, ndiyo iliyojaza ubao wetu. Simaanishi kwamba vimbunga si kitu. Kama Kenneth angekuja miezi mitatu kabla, tungeokota kizazi kizima.

Na kalenda yenyewe haikai tena mahali pake. Msimu wa 2023 kuelekea 2024, mwaka wa El Niño, mvua haikukatika Aprili kama ilivyozoeleka. Mwanzoni mwa Mei Kimbunga Hidaya kilifika pwani upande wa Mafia na Kilwa, barabara ya kwenda Dar es Salaam ikakatika Somanga, na mabasi ya Masasi yakakwama njiani. Huku kwetu Mei ile ilikuwa na maji. Vifaranga wa mayai ya Aprili, wale wa hesabu ya Bibi, waliingia wiki ya pili wakiwa kwenye matope. Jirani yangu alipoteza karibu wote. Wangu niliwafungia ndani juu ya maranda makavu, nikawapa mchwa na pumba, na kuwagawa jioni kwa kuku wawili ili kila mmoja aweze kuwafunika. Siku hizi naweka mayai kwa awamu, kuku mmoja mapema na mwingine baadaye, na kabla ya kuweka nasikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Nauchukulia utabiri ule kwa uzito wote. Lakini unaniambia mvua itakuwa juu ya wastani au chini ya wastani. Hauniambii mvua nzito itaangukia wiki ipi, na mwenye kifaranga anahitaji kujua hilo.

Ndege wa porini hawezi kugawa makinda kwa mama wawili. Anachoweza ni kujaribu tena msimu ule ule ikiwa mvua bado ipo na mti bado umesimama. Mnana hurudia, tuliwaona wakijenga upya Februari juu ya mabaki ya Januari. Kanga hurudia. Hondohondo akipoteza msimu amepoteza mwaka, na shimo zuri la mti halipatikani ovyo, hasa huku ambako mti mkavu unahesabiwa mkaa kabla haujaanguka. Kwa hiyo katika yote tuwezayo kufanya, kuwaachia miti ndilo jambo la kwanza ningeliomba. Mvua hatuwezi kuipangia siku.

Mwaka uliopita lilikuja pendekezo la kuukata ule mti mkavu nyuma ya mabweni. Hoja ilikuwa nzuri: unaweza kuangukia paa, na kuni zinahitajika jikoni. Wanafunzi waliomba nafasi ya kuzungumza kwenye kikao cha kamati, wakaja na daftari. Walionyesha tarehe ambazo shimo liliwahi kuzibwa na tarehe ambazo makinda walitoka, mwaka baada ya mwaka, na wakaeleza kwamba tawi linaloelekea paa lingeweza kukatwa Agosti bila kugusa shimo. Mjumbe mmoja, mkulima wa korosho, aliuliza kama hondohondo wanakula wadudu wa mikorosho. Wakamjibu walichokiona na wasichokiona, bila kuongeza chumvi. Kamati ikaamua tawi likatwe Agosti, shina libaki, na fundi asiguse kitu pale kuanzia Oktoba mpaka Machi.